Mama Audrey na Matanga ya Oskar Teitler

Tarehe thelathini Juni, Bi. Celine Amolo atafunga mlango wa chumba cha muziki cha Kituo cha Sanaa cha Darajani akiwa mwajiriwa wetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutufundisha, kutugombeza na kutunyima sifa. Wengi wetu tunamwita Mama Audrey, kwa jina la binti yake, na hapa nitamwita hivyo hivyo, maana nikianza na Bi. Amolo atadhani kuna mkaguzi mlangoni.

Mimi ni Kimanzi, fundi wa sauti. Niliombwa niandike wasifu huu kwa sababu, eti, ndimi niliyefanya naye kazi kwa karibu zaidi. Semeni ukweli jamani: ndimi niliyefokewa zaidi. Spika ikikohoa ni Kimanzi, umeme ukipotea ni Kimanzi, mbuzi wa jirani akilia katikati ya wimbo ni Kimanzi tu. Lakini nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu kuna jioni moja ya mwezi wa Machi ambayo lazima iandikwe na mtu aliyekuwepo.

Kwanza kazi yake. Mama Audrey alikuja kwetu kutoka upande wa ziwa kushikilia nafasi ya mwalimu aliyekwenda likizo ya mwezi mmoja. Mwalimu yule hadi leo hajarudi. Kituo wakati huo kilikuwa chumba kimoja cha mabati pale Silanga, ndani ya Kibera, karibu na wauza makaa, na mvua ikianza kunyesha hata ukipiga kelele aliye kando yako hasikii. Mwalimu mwingine angefunga darasa. Yeye aligawa nyimbo mafungu mawili: nyimbo za jua, zinazoimbwa kwa upole, na nyimbo za mvua, zinazoimbwa kwa kifua chote. Kwaya ilikuwa inachungulia dirishani, inajua yenyewe leo ni zipi.

Mfumo huo ulitufikisha mbali, na siku moja ukatuangusha. Tulikuwa kwenye mashindano mjini, ukumbi wa mazulia na viti vya kukunja, na watoto wetu walikuwa katikati ya wimbo laini wa kumbembeleza mtoto. Nje manyunyu yakaanza. Wakayaona kwenye kioo, na bila kuambiwa na mtu wakabadilisha, wakaimba ule wimbo wa kumlaza mtoto kama watu wanaozima moto. Jaji mmoja aliangusha kalamu. Tulishika mkia siku hiyo, na Mama Audrey akawanunulia wote mandazi, akisema angalau wanasikiliza darasani.

Tulipofungua tawi la Kawangware, yeye ndiye aliyelilea pia. Kwaya ya Kibera na kwaya ya Kawangware hazijawahi kupendana, mnajua wenyewe. Joho zilikuwa seti moja tu, kwa hiyo kwaya mbili hazingeweza kuimba siku moja, na wengine wanasema hiyo ndiyo iliyotunza amani. Chini yake tumeshinda vikombe ambavyo mnaviona ofisini, na kuna vijana wake ambao leo wanapiga muziki kwenye hoteli kubwa na bado wanamwogopa. Kwake yeye sifa ya juu kabisa ni "si mbaya." Nicanor, mpiga gitaa wetu, aliipata mara moja, na bado anaisimulia.

Jambo jingine la kumjua: hakanyagi jukwaa. Miaka yote hiyo, watu wakishaketi, yeye yuko nyuma ya pazia. Tukiitwa kupokea zawadi anamtuma Billy, mshereheshaji wetu, ambaye kwa kupenda maikrofoni angeweza kupokea hata zawadi za wengine. Mama Audrey alikuwa anasema mwalimu akionekana basi wanafunzi hawajaiva.

Sasa tufike kwa Mama Miriam.

Mama Miriam Teitler ni mwalimu wa piano aliyestaafu, mzee wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa jiji la Vienna, huko Ulaya, waliokimbilia Kenya wakati wa wale watawala wa Ujerumani waliokuwa wakiwaua Wayahudi. Alipohamia nyumba ndogo alitupatia piano yake, na kwa kuwa hamwamini mtu yeyote na zile nyuzi, alikuja mwenyewe kuirekebisha. Alikuwa akifanya kazi huku akiimba. Mama Audrey akasimama mlangoni na mopu mkononi, akauliza huo wimbo mzuri hivyo ni wa nani.

Ulikuwa wa baba yake mkubwa, Oskar Teitler, mtunzi wa nyimbo za kuchekesha. Huko Vienna alikuwa anaimba kwenye kabaree, yaani pale mahali watu wameketi mezani na vinywaji, na waimbaji wanapita katikati yao wakiwatania. Wale watawala walipoingia walifuta jina lake kwenye nyimbo zake, lakini nyimbo zenyewe wakaendelea kuzipiga redioni, zikitangazwa kwamba mtunzi hajulikani. Yeye mwenyewe walimpeleka kwenye kambi ya mateso. Hakurudi, na hakuna anayejua alikufa siku gani wala alilazwa wapi.

Ndugu yake mdogo, babake Miriam, aliziokoa nyimbo hizo kichwani. Aliziimba kila Ijumaa huku Nairobi, na kila Ijumaa alikuwa analia. Mama Miriam alituambia hivi, kwa Kiswahili chake safi cha watu wa zamani: "Kila mtu alisema baba mkubwa alikuwa anachekesha. Mimi tangu nizaliwe sijasikia mtu hata mmoja akicheka kwa nyimbo zake. Nikisikia kicheko kimoja tu kabla sijaenda, nitaridhika."

Mama Audrey hakufikiria hata kidogo. "Utakisikia," akamwambia. "Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho hapa."

Alizitia nyimbo zile Kiswahili kwa msaada wa Mama Miriam. Akaamua kwaya zote mbili zitaimba pamoja, akagawa joho: Kibera wavae joho, Kawangware wavae zile skafu za joho hizo. Palikuwa na manung'uniko ya wiki mbili, wacha tu. Nasi tukapanga meza na viti kama kabaree, tukaweka mishumaa kwenye chupa, na kazi ya mabango akapewa Ken.

Ken ni msanii hodari, nasema hivyo mapema asije akanuna. Lakini duka lake pale Soweto West linaishi kwa kazi moja: vijitabu na mabango ya mazishi. Mkono wake umezoea. Aliambiwa atengeneze bango la jioni ya kumkumbuka Oskar Teitler, akapewa picha, na mkono ukaenda pale unapokwenda siku zote. Picha ndani ya duara. Njiwa wawili. Mshumaa. Juu, kwa herufi za dhahabu: "Jioni ya Kumkumbuka Mpendwa Wetu Oskar." Na kwa kuwa tarehe ya kufa haijulikani, hakuweka mwaka wowote. Mama Audrey alikuwa Kawangware wiki yote na mazoezi. Mabango yakabandikwa kuanzia Silanga hadi ukuta wa mtaa wa Nyayo Highrise, na hakuna aliyemwonyesha.

Basi jioni yenyewe ikafika, saa kumi na moja, jua bado lipo. Tulitegemea watu wachache na marafiki wa kituo. Nikachungulia mlangoni kupima kelele, na jamani! Watu walikuwa wamejaa hadi kwenye mitaro. Kina mama wamefunga leso, wamebeba chupa za chai, mikate na sukari. Wazee wamekuja na viti vyao wenyewe. Vijana wa Soweto West walikuwa tayari wanasimika hema nje, bure, na mmoja akaniuliza, "Mzee, mwili unatoka mochari lini?"

Mtaa mzima ulikuwa umekuja matangani.

Mama Kaveke, muuza mboga wa Silanga, alimkumbatia Mama Audrey pale mlangoni hadi kilemba kikapinda. "Pole mama, pole sana," akamwambia. "Hukutuambia ulikuwa na mzungu. Lakini ni sawa. Wewe ni mjane, ni maisha yako. Alikuwa anakaa vizuri kwa picha." Mama Audrey akalitazama bango lililobandikwa mlangoni, kisha akaanza kumtafuta Ken kwa macho. Nyuma yao Ken alikuwa anajaribu kuingia ndani ya ukuta.

Mama Miriam alikuwa ameshafika. Audrey, yule binti mwenyewe, alimteremsha kwa mkono kutoka Nyayo Highrise alikoacha gari, na mzee mwenyewe amevaa gauni jekundu alilosema ni la kabaree. Alikaa meza ya mbele. Mezani kwake walikuja kukaa wanawake wanne wa kumfariji, na mmoja akamshika mkono, hakuuacha tena.

Hakukuwa na namna. Billy akafungua, kwaya ikaanza. Wimbo wa kwanza ni wa mpangaji maskini ambaye mama mwenye nyumba anamhesabia maji ya kuoga. Vienna wakati ule, wanasema, watu walikuwa wanaanguka kutoka vitini kwa kucheka. Kiitikio chake Mama Audrey alikigeuza hivi:

"Mama mwenye nyumba, nimeoga mara moja;
yale maji ya pili uliyosikia ni machozi."

Waliposikia "machozi", ukumbi ukalipuka kwa kilio. Uwi! Mama mmoja akavua viatu. Wazee wakatazama chini. Mhubiri Musyoka akafungua Biblia. Wimbo wa pili ulikuwa wa mwanamume anayemwandikia mpenzi barua na kuipeleka nyumba isiyo yake. Watu walimhurumia mno. Wa tatu sikumbuki hata ulihusu nini. Nilimtazama Mama Miriam kutoka kwenye mitambo yangu. Alikuwa amekaa wima, ameshikwa mkono, anatazama meza. Ni Ijumaa za babake tena, ila sasa ni mtaa mzima unalia. Mimi nilitamani kuchomoa waya wa umeme tusingizie hitilafu.

Ndipo pazia likafunguka na Mama Audrey akatoka. Nawaapia, gitaa la Nicanor lilinyamaza lenyewe. Alifika mbele, akamnyang'anya Billy maikrofoni, na kuna watu humu watakaokufa bila kuona jambo kama hilo tena. Angeweza kusema kwamba bango limekosewa, kwamba hii ni burudani, kwamba watu wachukue sukari zao waende. Watu wangeaibika, wangeenda kimya kimya.

Badala yake akawashukuru kwa kuja. Akawaambia marehemu hakuwa mzungu wake, na hapo Mama Kaveke akafunika uso kwa leso. Akawaambia alikuwa nani, akawaelezea jinsi walivyofuta jina lake na kuendelea kuimba nyimbo zake. Watu wakaguna. Kisha akasema, nayakumbuka maneno yake vizuri, "Huyu mtu alikufa zaidi ya miaka themanini iliyopita. Hana kaburi. Hakuna mtu alipika chai, hakuna mtu alikesha. Ndugu zake waliobaki walikuwa wanakimbia. Matanga yake hayajawahi kufanywa mpaka leo, na nyinyi ndio mmekuja."

Mtaani kwetu watu wanaweza kukubaliana kuhusu vitu vichache sana, lakini mtu kukosa matanga, hilo hakuna asiyeelewa, awe wa ziwa, awe wa Machakos. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Basi tumefika. Tuendelee."

Mhubiri Musyoka akasimama, akauliza kwa heshima kama wenyewe wana sala yao. Mama Miriam akainuka katika lile gauni jekundu, akaisema sala ya watu wake ya kuwakumbuka waliokufa, kwa lugha yao. Watu hawakuelewa neno. Lakini kila alipotua walisikia ni mahali pa kuitikia, wakaitikia Amina, na Mama Miriam alinieleza baadaye kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Alipokaa, Mama Audrey akageukia ukumbi. "Haya. Kulia tumemaliza. Matanga gani hayana muziki? Na marehemu alikuwa mtu wa vichekesho, msimharibie siku yake. Nicanor, piga huo wimbo wa maji tena. Upige kama wa kwetu."

Nicanor alikuwa amengojea maneno hayo maisha yake yote. Aliuchukua ule wimbo wa Vienna akautia benga, muziki wa kule ziwani, gitaa likaanza kukimbia, Kibera wakaimba na Kawangware wakajibu. Kiitikio kilipofika, Ouma, muuza makaa wa Silanga, akapandisha mkono juu. Wasiojua, hiyo ni desturi ya Waluo: katikati ya muziki mtu akipandisha mkono, bendi inanyamaza, anajisifu au anamsifu mwenzake, kisha muziki unaendelea. Bendi ikanyamaza.

"Mimi Ouma!" akasema. "Simba wa makaa! Namsifu ndugu yangu Oskar, mtoto wa Vienna, aliyetoa machozi bure. Oskar, ungekuja Silanga, hayo machozi landlodi angekuuzia kwa jerikeni!"

Kwa muda mfupi hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Kisha Mama Kaveke akapasuka. Sijui niseme vipi, kicheko cha Mama Kaveke kinaanzia tumboni na kinapita watu. Meza yake ikafuata, kisha ukuta wa nyuma, kisha wale waliokuwa nje kwenye hema ambao hawakuwa wamesikia vizuri. Na kabla hawajatulia, Phanuel, mwenye nyumba anayejulikana mtaa mzima, naye akapandisha mkono kujitetea. Bendi ikanyamaza.

"Mimi Phanuel, baba ya mabati!" akasema kwa uchungu. "Nimewauzia maji, sikatai. Lakini machozi sijawahi kutoza mtu." Akafikiri kidogo. "Bado."

Ala! Kilichotokea hapo ndicho kilichovunja viti vitatu ambavyo uongozi umekuwa ukiniuliza habari zake. Mhubiri Musyoka alikuwa ameegemea ukuta, Biblia juu ya uso, mabega yanatetemeka. Wimbo ule ulirudiwa hadi waimbaji wakakauka sauti. Ule wa barua nao ukarudiwa, na safari hii kila meza ilikuwa na jina la mtu wa mtaa ambaye barua imepotelea kwake.

Na Mama Miriam? Alifanya jambo moja ambalo sitalisahau. Aligeuza kiti chake. Alilipa jukwaa mgongo, akakaa akitazama watu, uso mmoja baada ya mwingine, kana kwamba sisi ndio tulikuwa onyesho. Alicheka naye, machozi yakimtoka, na yule mwanamke aliyemshika mkono alikuwa bado amemshika, wote wawili wanapigana mabega kwa kucheka.

Mwisho wa matanga familia huitwa mbele kuwashukuru waliofika. Billy aliita kwa mazoea, kisha akaona kosa lake, kwa sababu familia ni mtu mmoja. Mama Miriam akasimama peke yake. Mama Audrey akaenda akasimama kando yake, kisha wale wanawake wanne wa mezani, kisha Ouma, ambaye kama mnavyokumbuka alikuwa ameshamwita marehemu ndugu yake. Mwishowe palikuwa hakuna aliyebaki kushukuriwa. Mama Miriam alisema jambo fupi tu: kwamba babake aliimba nyimbo hizi kwa huzuni yake mwenyewe, na yeye leo ndipo amekutana na baba yake mkubwa.

Nilikuwa nakusanya waya wakati wanawake hao wawili wanaagana mlangoni, ndiyo maana nilisikia, sikuchungulia. Mama Miriam alimshika Mama Audrey mikono yote miwili. "Celine," akamwambia, "matanga yangu nayo utayafanya wewe. Hapa hapa. Na mtu yeyote asiniimbie polepole."

Mama Audrey akaanza kurekebisha kilemba chake. Mimi namjua, alikuwa anatafuta namna ya kutolia mbele ya fundi wa sauti. Kisha akasema, "Kumbe sijastaafu. Kazi bado ninayo." Akamtengeneza Mama Miriam kola ya gauni, akamwambia jioni yao haikuwa mbaya.

Mama Audrey, kwa niaba ya uongozi, kwaya zote mbili zinazogombania joho hadi leo, Ken ambaye sasa anaonyesha mabango yake kabla ya kubandika, na mimi niliyefokewa kuliko wote: asante. Ulimuahidi mtu kicheko na ukampa mtaa mzima unaocheka. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wenye sauti. Nenda ukapumzike, Mama. Na ile kazi moja uliyobaki nayo, tunaiombea ichelewe. Ichelewe miaka mingi sana.